Nilimbeba Mama Yako kwa Pikipiki

Mama Rispa,

Ni mimi, Yohana. Najua umekufa, sina haja mtu aniambie. Nakuandikia hata hivyo, na mwenye kucheka acheke.

Mkono yangu haijui kalamu vizuri. Barua za hii nyumba ulikuwa unaandika wewe. Lakini kule nyumbani watu wanazungumza, na kama maneno inafika huko uliko, nataka usikie kwangu.

Wanasema nimebeba mama yako kwa pikipiki kutoka Nakuru mpaka Maragoli, na alinishika kiuno. Ni kweli. Alinishika.

Kwanza habari. Mtoto wetu Rispa, meno ya mbele mbili imemtoka. Anapiga mluzi katikati ya hiyo pengo, mama yako anamfukuza nje. Mimi sifanyi tena kazi kwa kinu cha unga. Sasa napakia mawe huko Lanet. Mgongo inauma, lakini hakuna mtu ananipigia kelele ati nimepasua gunia. Pikipiki bado iko. Ile ya jeshi, ile tulinunua kwa fundi ikiwa vipande ndani ya gunia mbili, ukasema umeolewa na kichaa ya vyuma.

Kiti yako nyuma nilikuwa sijapatia mtu. Watu wameomba. Nilikuwa nasema hapana, mtu asiniulize kwa nini.

Sasa nasema ile kitu sijakuambia. Ulipokuwa mgonjwa kwa mama yako na nikaitwa, ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilikuwa na tangi nusu. Wewe ulikuwa unaniambia kila safari, "Tangi nusu ni tangi tupu, Yohana." Na nilikuwa na ile galoni ya akiba, imejaa, iko chini ya kitanda. Nikaiangalia. Nikaangalia na mzigo: mkate mbili, sukari, ile blanketi nyekundu ulikuwa unataka. Keria haikutosha vyote. Nikasema, mtu mgonjwa anataka blanketi na mkate laini. Petroli nitanunua Londiani. Nikaacha galoni.

Nilisahau ni Jumapili. Londiani imefungwa, hata mbwa hakuna. Nikaendelea na ile ilibaki mpaka ikaisha porini mbele kidogo. Nikasukuma mpaka miguu ikakataa. Nikangoja Jumatatu duka ya petroli Londiani ifunguliwe. Nikafika kwenu mchana. Wewe ulienda alfajiri.

Niliwaambia wote ati nilichelewa kwa sababu pikipiki iliharibika. Pikipiki haikuharibika. Ni mimi.

Basi. Hiyo ilikuwa mwaka jana.

Mwaka huu mama yako alikuja Nakuru kutibiwa macho hospitali. Alilala kwa Mama Zipora wa kanisa, kule kwa nyumba za reli. Wewe unajua mambo yetu, lakini Rispa siku moja atasoma hii, basi naandika: kwetu mwanamume na mama mkwe hawagusani, hawaangaliani uso, hawali pamoja. Akipita njia unaingia kwa majani. Hivyo mimi nilikuwa napeleka maziwa na viazi kwa mlango ya Mama Zipora, nakohoa, naweka chini, naenda. Wiki tatu nimeona kisigino yake tu.

Mvua ilikuwa mingi. Ijumaa, jirani yenu anayefanya kazi ya reli akaja na gari ya moshi ya mwisho. Nyuma yake maji ikakula reli. Akaleta neno: baba yako amelala, hali chakula, anauliza mama yako tu. Nikaenda kuuliza mabasi. Mabasi imekwama Mau Summit, mstari mrefu, matope mpaka kwa mlango.

Pikipiki ingepita kando.

Nikaenda kwa nyapara wa kinu kuomba ruhusa. Akaniambia, "Baba ya mke, na mke mwenyewe amekufa? Huyo si kitu yako tena. Ukitoka hiyo lango usirudi." Nikatoka hiyo lango.

Nikaenda kwa Mama Zipora. Nikasimama nyuma ya ukuta, mama yako akasimama upande ile ingine. Nikasema njia ni moja tu. Mama Zipora akacheka mpaka akashika mlango. "Haya, mkwe na mkwe! Nani atakuwa wa kwanza kufa na aibu?"

Mama yako akasema, "Muulize atanikalisha namna gani."

Nilijua atauliza. Hiyo usiku sikulala, nilifanya kazi. Kiti yako nilitoa majani ya mahindi ndani nikajaza sufu ya kondoo, kwa sababu majani inalala baada ya maili kumi na mfupa unakaa juu ya chuma. Nikashona gunia ingine nene ya kuweka kati yangu na yeye. Nikatoa mkanda ndefu ya ngozi nikafunga kwa tumbo yangu, ncha mbili zikabaki nyuma kama hatamu ya punda, ashike hizo. Nikapata karatasi ya mifuko ya simiti, ya kuvaa ndani ya sweta. Wewe ulinifundisha hiyo baada ya kutetemeka na baridi Timboroa. Miwani ya vumbi nikasema ni yake, kwa sababu ya macho.

Halafu petroli. Hapa sikucheza. Tangi nikajaza mpaka shingo. Nikahesabu watu wawili, matope, kupanda kwingi, nikaona tangi inaweza kufika Kericho na inaweza kukosa. Na siku ilikuwa Jumamosi. Lazima tufike Kericho kabla pampu ifungwe, kwa sababu kesho yake ni Jumapili, na Jumapili tunajuana.

Galoni ilikuwa imejaa, nimepaka sabuni ya kufua kwa mdomo isivuje. Lakini keria imejaa tena. Mzigo yake, dawa yake, nguo. Nikasimama hapo na galoni mkononi. Nikaiweka chini, nikaiinua tena.

Mama yako aliona. Akasema kwa Mama Zipora, "Mwambie alete hapa." Akachukua shuka, akaweka galoni mgongoni, akafunga mbele kwa kifua kama mtoto. "Nimebeba saba," akasema. "Huyu halii hata."

Tukaondoka hivyo. Mimi mbele, gunia katikati, yeye nyuma na hatamu, galoni mgongoni. Watu wa Nakuru walisimama.

Mpaka Molo tulienda vizuri. Kila maili ishirini nasimama, yeye anashuka ananyoosha kiuno, mimi naingiza kijiti kwa tangi kupima petroli. Yeye anaangalia miti na anauliza hiyo miti, "Imebaki ngapi?" Na mimi najibu pikipiki. Hatuangaliani.

Kwa mlima, karibu na Mau Summit, gurudumu ya nyuma ilikwenda upande. Mimi nikabaki juu. Nikahisi mkanda imekuwa nyepesi. Nikageuka. Mama yako amekaa ndani ya matope, miguu mbele, miwani upande, ameshika ncha mbili za ngozi na ngozi imekatika. Galoni bado iko mgongoni.

Nikakimbia, halafu nikasimama. Sikujua kama naruhusiwa kumwinua. Unaona hiyo upumbavu? Mzee wa watu iko chini na mimi nafikiria desturi.

Akainuka mwenyewe. Akatoa miwani. Akaniangalia uso. Tangu nikuoe hajawahi.

"Yohana," akasema. Aliniita jina. "Tupa hii takataka ya mkanda. Na hiyo gunia. Mtoto yangu alikufa akingojea wewe. Mzee wangu hatakufa akiningoja mimi."

Basi nikamwambia. Hapo kwa mvua. Jumapili, Londiani, galoni chini ya kitanda, mkate na blanketi. Nilisema yote, nikingoja anitemee mate.

Akasema, "Najua. Mtu wa pikipiki iliyoharibika ananuka oili, wewe ulinuka mkate. Huo mkate tulikula kwa matanga. Ulikuwa laini."

Halafu akasema, "Panda."

Nikapanda. Akakaa, akanishika kiuno kwa mikono mbili, nguvu kama mtu anafunga ng'ombe. Mama Rispa, nilikuwa nalia na barabara sioni vizuri na miwani iko kwake.

Petroli iliisha maili chache kabla ya Kericho. Nilisikia injini inakohoa, na moyo ikakohoa pia. Yeye akasema nyuma, "Ni mtoto ameamka?" Akafungua shuka, tukamimina. Hakuna tone ilianguka, alikuwa ameshika shati yangu kuzunguka mdomo ya tangi. Akaifunga tena mgongoni, tupu. Ile galoni ndiyo ilitufikisha.

Askari wa kizuizi hapo mbele alitusimamisha. Ni mtu wa kwetu, nikamjua kwa ulimi. Akaangalia kipande yangu ya kujitambulisha, akaangalia mama yako na hiyo shuka.

"Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Anaitwa Petroli."

Askari akagusa galoni, akacheka. "Na huyu mbele, ni kijana yako?"

"Mkwe."

Kicheko ikakatika. Alirudi nyuma hatua mbili, haki ya Mungu, kama pikipiki ina ndui. "Mama! Umemshika hivi tangu wapi?"

"Tangu Mau Summit. Fungua gogo yako, pampu inafungwa."

Alifungua upesi, akiangalia pembeni.

Mwenye pampu Kericho alikuwa tayari na kufuli mkononi. Alisema kesho kutwa. Mama yako akashuka, akaenda akasimama kati yake na mlango, matope kutoka kichwa mpaka kidole. Yule bwana akaangalia saa, akaangalia mama yako, akatoa ufunguo. Tukajaza tangi, tukajaza galoni. Mama yako alilala kwa watu wa kanisa, mimi kwa ghala yao.

Jumapili tukateremka Kano. Maji imefunika barabara, vijana wakainua pikipiki kwa mti mbili wakavusha, mama yako akivuka nyuma yao ameinua nguo mpaka goti, akiwaambia wasipige injini kwa mawe. Halafu tukapanda kwetu. Tulifika wakati kanisa inatoka. Watu wote. Wazee wa ukoo na kofia, wanawake na vitabu. Sikupunguza mwendo na yeye hakuachilia mikono. Nilisikia mtu amesema "Yesu!" na haikuwa maombi.

Baba yako alikuwa hai.

Alikuwa mdogo kwa kitanda, mifupa tu. Mama yako akaingia hivyo hivyo na matope. Mzee akafungua macho. "Umekuja na nini? Reli imekatika."

"Na mkwe wako. Nimemshika kiuno siku mbili."

Baba yako alicheka. Akacheka mpaka akakohoa, tukaogopa. Akasema, "Mwambie alikuwa anakimbia polepole, ungefika jana." Akakula uji siku hiyo, nusu kikombe. Alikaa siku nne. Mama yako hakutoka hapo kwa kitanda. Alhamisi akaenda, mama yako akiwa ameshika mkono yake. Alikuwa hapo. Nataka uelewe: alikuwa hapo.

Nilikuja kwa kaburi yako pia. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilikuwa nakuogopa. Nilisimama tu, sikupata neno, ndiyo maana naandika sasa.

Baada ya mazishi wazee wakaniita. Wakasema nilete mbuzi ya kusafisha, la sivyo Rispa atapata ugonjwa na mimi nitaanguka na pikipiki. Mmoja akasema, "Mtu aliyeshikwa na mama mkwe hana haya tena."

Nikasimama. Nikawaambia, mke wangu alipokufa mimi nilichelewa, na nilikuwa na haya yote, na heshima yote, sijagusa mtu. Hakuna hata mmoja hapa aliniomba mbuzi kwa kuchelewa. Sasa nimefika mapema mnataka mbuzi. Sitoi. Hata kuku sitoi. Hata unyoya.

Wakaanza kelele. Mama yako alikuwa kwa jikoni, anasikia. Akatoka, na yeye ni mjane wa siku mbili, alitakiwa akae ndani kimya. Akasema, "Anayetaka mbuzi aje kwangu, nimweleze vile mguu yangu ilikuwa imekaa kwa hiyo pikipiki." Wazee watatu waliinuka pamoja wakatafuta fimbo zao.

Hawajanyamaza. Wanaongea mpaka leo. Shemeji yako hanisalimu. Waongee. Sijutii hata maili moja. Nikipewa tena hiyo Ijumaa, nitatoka hiyo lango ya kinu tena, na haraka zaidi.

Ile Jumapili ya kwanza siwezi kurudisha. Nimekuambia ukweli wake na sitaomba unisamehe kwa karatasi. Ukikasirika, kasirika. Una haki.

Sasa narudi kwa mawe. Lala salama, Mama Rispa. Lala vizuri kando ya baba yako, msigombane.

Nakuahidi kitu moja. Daktari anataka kuona macho ya mama yako tena baada ya mavuno. Nitakuja kumchukua mwenyewe. Sitapita njia ya nyuma wala sitangoja giza. Nitakuja siku ya soko, saa sita mchana, na tutapita katikati ya watu wote, polepole, ili hata mwenye macho mabaya aone vizuri vile amenishika.

Bwana yako,
Yohana