Diski Moja, Njia Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Salamu njema kwako, shajara yangu, na uniwie radhi: tangu tumzike Kaluki, mke wangu, sijakufungua. Sina habari kubwa. Mpwa wangu Mbithe ameongeza kebo ya pili kati ya seva ya kanisa na kabati la diski, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Humo zimo nyimbo zote za kwaya. Sauti ya Kaluki pia – kanda za awali ziliharibiwa na mafuriko ya mwaka jana. Stima ilipotea kabla hajamaliza. Atarudi Alhamisi.

Jumanne, 4 Machi

Seva inaonyesha diski mbili. Kumbe ni ile ile moja, inafikiwa kwa njia mbili. Bado haijafundishwa kuziunganisha. Kikaoni Mwenyekiti Naftaly alifurahi mno. Bwana ametuongezea! Na kwa desturi ya kamati yetu, kila kinachoingia hugawanywa: nusu kwaya, nusu vijana. Nikainua mkono, nikaomba radhi, nikasema ni moja.

"Mzee Nzivo, badilisha miwani!"

Wakacheka. Kura ikapita. Nikawashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Patrobas, kiongozi wa vijana, alinikuta langoni. Vijana wote huniita Guka, yaani babu. "Guka, tulia. Jumapili tunafomati yetu tu. Yenu hatuigusi."

Wakifuta yao, yetu imefutika. Nilimweleza. Akanipigapiga begani, akasema nimechoka, nikapumzike. Nikasema asante. Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Mbithe amemaliza. Sasa seva yaona diski moja, njia mbili – multipath, aiitavyo. Alichomoa kebo moja kujaribu, wimbo ukiwa unalia. Haukukatika. Kaluki akaingia ubeti wa tatu, juu kidogo kuliko wenzake, kama kawaida yake. Nikangoja chozi. Wapi!

Ndipo wakaja Naftaly, Patrobas na vijana wao.

"Diski ya vijana iko wapi?"

"Guka ameimeza!"

Mbithe akaeleza, akarudia. Naftaly akamkata. Akasema mimi, mjomba wa Mbithe, ni mtu wa heshima, siwezi kupinga kamati. Niandike neno la siri la seva, ambalo ninalo mimi, fundi wao airudishe ya pili. Kisha akaenda kuketi ofisini kwake.

Ni kweli, sijapata kumkatalia mwenyekiti yeyote. Nimeomba muda wa kuandika. Ninaandika haya. Patrobas amesimama mlangoni, anadhani ni neno la siri refu. Mbithe ananitazama tu.

Nimechana kipande cha ukurasa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, niwie radhi. Hapana."

Nimepigia "Hapana" mstari – ajabu, nilidhani mkono huu umekwisha kufa. Atakayekipeleka ni Patrobas. Amekwisha kunyoosha wake –