Benwa Simjui, Mimi Nimemzika Bakari

Baba Nasra,

Assalaam alaykum. Najua jibu sitalisikia, lakini kukuandikia bila kukusalimu siwezi. Hata zile siku tulizonuniana, ulikuwa ukiingia ndani unatoa salamu, na mimi nauitikia ukuta. Hadia amelala. Meno yanamsumbua, usiku kucha alikuwa kifuani kwangu. Vitumbua vimekwisha mapema leo, na chuma bado kina moto. Nina nafasi kidogo, nimeona nikwambie jambo ambalo hapa Pongwe sina wa kumwambia.

Nina wivu.

Watu wanadhani mjane kazi yake kulia. Nimelia, wallahi, tangu ile pikipiki ikuue barabara ya Pangani nimelia mpaka mama yako akaniambia basi, mwanangu, maziwa yatakauka. Lakini kilichobaki sasa si kilio, ni wivu, na ninayemwonea unamjua. Ni Madam Agnes, yule mwalimu wa Kifaransa wa Nasra kule shule ya masista, ambaye wewe ulisoma naye dawati moja.

Kwangu mimi hukuwa mtu wa maneno. Unarudi Jumamosi kutoka Ushongo, kule hotelini kwa wageni wako, unavua viatu mlangoni, unauliza, "Watoto hawajambo? Chai ipo?" Basi. Nikikuuliza habari za kazi, "Nzuri." Za wageni, "Wapo." Ukimaliza kula unasema alhamdulillahi, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yako ya wiki. Nikaridhika. Nilijiambia mume mkimya ni sitara, wenzangu wana waume wanaoongea na hakuna wanachosema.

Siku ya arobaini yako nilikuwa ndani, kwenye eda, nimekaa mkekani na wanawake. Akaingia mwanamke mrefu wa Kibondei, amejifunga kanga kwa heshima juu ya gauni lake la kazini. Akanipa mkono wa pole, akakaa. Mara nasikia anawasimulia wenzangu, "Benwa alikuwa akituvunja mbavu!" Nikamuuliza, Benwa ndiye nani? Akasema, "Si marehemu? Kidato cha kwanza Sista alitugawia majina ya Kifaransa. Yeye ndiye alikuwa Benwa."

Baba Nasra, mimi nimemzika Bakari. Benwa simjui.

Akaendelea. Kumbe wale masista walikuwa na utaratibu wao. Kila anayesoma Kifaransa anapewa patna, na kila asubuhi kabla ya kipindi unakaa na patna wako, unamweleza habari za kwenu kwa Kifaransa kitupu: jana mlikula nini, nani kagombana na nani, umeota nini. Ukitia neno la Kiswahili unasimama mlangoni. Na patna wako tangu kidato cha kwanza hadi cha nne alikuwa yeye. "Hanyamazi," anasema. "Mpaka Sista anagonga meza, Benwa bado ana habari." Wanawake wakacheka, mpaka waliokuja na machozi wakacheka. Mimi nikatazama mkeka. Mama yako, ambaye hata msibani hakosi neno, akaniinamia sikioni: "Mkwe wangu, mwenzio kapewa maneno, wewe ukapewa kufua."

Neno lile halijanitoka hadi leo.

Na Nasra ulimpeleka kule mwenyewe. Mama yako akauliza Kifaransa cha nini kwa mtoto wa Kiislamu, ukamjibu, na nakumbuka kwa sababu lilikuwa jibu refu kwako, "Mimi nawabebea wageni mizigo, mama. Huyu akae nao mezani." Nikasema sawa. Sasa yuko kidato cha pili. Mwanzoni mwa mwaka patna wake alihamia Arusha na wazazi wake, darasa likabaki na mtoto mmoja asiye na mwenziwe, ndiye huyo wetu. Madam Agnes akasema, basi, mimi nitakuwa patna wako.

Mimi hilo sikuambiwa. Nililijua kwenye mkutano wa wazazi.

Mkono wangu wa kushoto uliungua mafuta. Nikauficha kwa mtandio, hata mama yako hakujua. Tunatoka mkutanoni, Madam ananishika bega: "Pole na mkono, Mama Nasra. Na lile shati usilionee haya. Sisi sote tunazungumza na nguo za wapenzi wetu." Lile shati lako la bluu la kazini, Baba Nasra. Nimelitundika nyuma ya mlango, na asubuhi kabla sijakoroga unga wa vitumbua nalisalimia. Hakuna anayelijua hilo ila aliye ndani ya nyumba. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya wazazi wote.

Nikamtazama Nasra njia nzima. Maana nyumbani mtoto huyu amekuwa wewe mtupu. Shule vipi? "Nzuri." Mmesoma nini? "Masomo." Kumbe maneno anayo, anayamalizia kule. Kwanza wewe, sasa na mwanao, na anayeyapokea ni yule yule mmoja.

Jumatatu yake sikuchoma vitumbua. Nikamfunga Hadia mgongoni, nikapanda bajaji mpaka shuleni, nikaingia ofisi ya walimu bila hata kungoja kukaribishwa. Nikasema nimekuja kumtoa Nasra kwenye Kifaransa, achukue somo jingine lolote, hata kilimo. Madam akauliza mtoto amekosa nini. Nikamwambia, na sauti yangu unaijua ikipanda, "Mtoto hajakosa. Mume wangu ulimmaliza maneno, akaja kwangu mtupu. Mtoto humpati." Walimu wengine wakainamia madaftari kama watoto wanaofanya mtihani.

Sikutegemea acheke. Alicheka, kisha akafuta macho, akanishika mkono, ule mzima, akanitoa nje tukakaa kwenye ngazi karibu na bomba.

"Mama Nasra," akaniambia, "unajua Benwa alikuwa akinieleza nini? Kwamba kwao wana farasi. Kwamba kila Jumapili baba yake anavaa kofia, wanapanda treni wote, wanakwenda kula jibini kwa bibi yao."

Baba yako, Mungu amrehemu, alikufa wewe hujaota meno. Na jibini wewe uliionja Ushongo, ukubwani, ukaja kuniambia inanuka soksi. Nikamtazama yule mwanamke nikidhani ananidhihaki. Akasema kitabu cha masista kilikuwa na farasi na treni na jibini. Dagaa na kisamvu havikuwemo. Wakasema yaliyokuwemo. Wengine wakasema kwa kubabaisha, lakini wewe ulikuwa ukisimulia mpaka yeye anamwonea gere huyo mtoto mwenye farasi.

 Hadia akaanza kulia, nikamhamishia kifuani. Ndipo akasema, taratibu, "Na Nasra yuko vivyo hivyo. Ya mkono na ya shati ni kweli. Lakini kila Jumatatu ananiambia baba yake amekuja Jumamosi. Ananiambia alileta nini na alisema nini. Mimi sijamkatisha. Sikujua kama nina haki ya kumkatisha."

Nikamfuta Hadia mdomo, mara mbili, mara tatu.

Ungedhani wivu utaniisha hapo. Mtu mwema angeona huruma tu. Mimi niliona huruma, ndiyo, mwanangu, mwanangu wa kwanza, lakini wivu nao haukutoka, ulihamia chumba kingine. Wewe ulimpa Agnes uongo wako wote mzuri, na mimi ukanipa kweli, na kweli yako ilikuwa fupi. Mtoto naye hivyo hivyo. Kwa Agnes uko hai, unarudi Jumamosi. Kwangu, kwa Kiswahili, umekufa.

Akaniuliza nimeamuaje. "Wewe ndiye mama yake. Nimtoe?" Nikafikiri. Nikasema asitoke. Baba yake alitaka akae mezani, atakaa. "Lakini umtafutie patna mtoto mwenziwe. Wewe ni mwalimu, mfundishe. Habari za nyumbani kwangu si somo."

Akasema, "Sawa, Mama Nasra," lakini alilisema kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nikamtazama vizuri, nikaelewa. Na yeye alikuwa akimngoja huyo wa Jumamosi. Hapo, Baba Nasra, ndipo nilipoungua kuliko kwa yale mafuta. Lakini nikamfunga Hadia mgongoni. Nikamwambia asante kwa kumsikiliza mwanangu, na nililimaanisha, na nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunaosha mchele wa kuloweka, mimi na Nasra. Mama yako alikuwa msibani Muheza. Nikauliza bila kuinua uso, kama mtu anayeuliza bei ya nazi, "Baba kaleta nini leo?"

Akasimama na bakuli mkononi. Maji yakamwagika miguuni kwake. "Nani kakwambia?"  Nikauliza tena, "Kaleta nini?"

Akaweka bakuli chini, nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, polepole, "Pweza."

"Mkubwa?"

"Wa wastani. Kasema mkubwa walimpandishia bei."

Nikamwambia, "Huyo ndiye hasa. Ubahili wake wa pweza naujua." Tukacheka, Baba Nasra. Tulicheka mpaka Hadia akaamka, halafu Nasra akanilalia begani na mwili wote unamtetemeka, na mimi sikumwambia nyamaza.

Basi tangu siku ile unakuja. Kila Jumamosi. Na kumbe una maneno! Umesema mwanao Salimu anyolewe, kichwa kimekuwa kama kiota. Umesema vitumbua vyangu vimepungua iliki na wateja wananionea haya tu kusema. Umemsimulia Nasra habari za mzungu aliyetaka kumpapasa taa, yule wa baharini mwenye mwiba, akidhani ni samaki mpole, na kumbe kisa hicho ni cha kweli, uliwahi kumsimulia yeye ukiwa hai, mlipokuwa mnarudi kutoka mjini, mimi sikuwahi kukisikia. Juzijuzi umesema mama apumzike, kazi za nyumba hazimkimbii mtu. Hili sikujua nilicheke au nilie, maana tangu unioe hukuwahi kuniambia pumzika. Ulikuwa ukichukua ndoo ya maji kimya kimya, unakwenda bombani. Nilikuwa nalihesabu hilo kuwa ni neno. Lakini yule wa Jumamosi anasema kwa mdomo. Nimefika mahali namwonea wivu mke wa mwanamume huyo, na mke mwenyewe ni mimi.

Lakini mchezo wa namna hii ukiuachia, unakuachia maumivu. Wiki iliyopita nilimkuta Salimu amekaa barazani jioni, ameoga, amevaa shati la Idi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, anamngoja baba, si Jumamosi leo? Yeye bado mdogo, alikuwa akitusikia tu kutoka chumbani. Nikamkalisha pajani nikamwambia upya, kama vile siku ile ya kwanza, kwamba baba amekufa na waliokufa hawarudi. Akanitazama kama mimi ndiye ninayekuzuia.

Nikamwita Nasra. Nikamwambia kwa upole, lakini nikamwambia, "Jumamosi inayokuja baba anakuja kuaga. Ile mara ya mwisho aliondoka alfajiri sisi tumelala. Safari hii atuage vizuri, kisha aende." Alilia. Akasema, "Mama, tufanye mwakani." Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwezi ujao." Nikasema hapana, mwanangu, Jumamosi. Alipotulia akauliza mambo mawili. La kwanza, utaaga kwa Kifaransa au kwa Kiswahili? Nikamwambia kwa Kiswahili, nami nataka kusikia. La pili, je, Madam Agnes aje?

Madam Agnes asije. Nimelikataa hilo na sioni haya. Ana farasi wake, amtoshe.

Lakini Kifaransa kinaendelea, usiwe na wasiwasi. Patna wake mpya ni mtoto mmoja wa Kishambaa, mpole, wanachekeana. Jana Nasra amekuja nyumbani, amevua viatu, kabla hata sijauliza akaniambia kwamba amemkwaza mwalimu wa hesabu, na kwamba kuna msichana anamsengenya, na kwamba anaogopa kuisahau sauti yako. Yote kwa mfululizo, kwa Kiswahili, nimesimama na mwiko mkononi. Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka. Sikukaa. Niliogopa nikikaa atanyamaza.

Hadia anajinyoosha, ataamka sasa hivi. Nakuaga mimi kwanza, kabla ya watoto, maana mbele yao Jumamosi nitajikaza. Nenda, Baba Nasra. Mungu akupanulie hapo ulipo, akusamehe, na akutulize. Nakuahidi Nasra atasoma mpaka mahali ulipotaka afike, hata mama yako aseme nini, na mimi nitakuwa wa kwanza kusikia habari zake. Salimu nitamfundisha kukuombea badala ya kukungoja.

Na siku yangu ikifika nikakukuta huko, usiniulize chai. Kaa chini uniambie, mimi mkeo, tangu utoto wako mpaka mwisho, usiache kitu. Hata ya uongo nayataka.

Mkeo,
Mama Nasra