Vikombe Saba kwa Mama Inga

Alhamisi, 4 Julai 2002. Nyumbani, mjini Ibra

Tende tena. Tunachemsha tangu alfajiri, moshi umeingia mpaka kwenye vitabu vyangu. Kidole kimeungua.

Jioni Bibi aliniita chumbani. Keshokutwa mimi na Baba tunakwenda kaskazini kabisa ya Norwe, kwa Ami Salim. Bibi hajasema naye tangu aoe huko, miaka minne sasa. Ami anaomba kumleta mkewe Inga na mtoto wao hapa Idi ijayo.

"Baba yako atamtetea nduguye," Bibi alisema. "Wewe mchache wa maneno, lakini macho unayo. Katazame. Ukisema waje, watakuja. Ukisema wasije, basi."

Kwa nini mimi? Naogopa.

Jumapili, 7 Julai

Ndege tatu, kisha gari. Saa tano za usiku na jua lipo, limekaa juu ya bahari kama halina kwao. Nyumba kumi na nane, nimezihesabu. Hakuna mti ulionizidi urefu. Sweta mbili chini ya abaya na bado natetemeka.

Ami kazeeka. Inga alinipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Zimenienea sawasawa. Hakuniuliza kwa nini sisemi.

Nimempenda. Sitaki kumpenda haraka hivi.

Jumatatu, 8 Julai

Aibu. Aibu kubwa.

Tulikwenda kwa Mama Inga, yaani mama yake Inga. Ni Msami, watu wa asili wa huku, wanaofuga paa wakubwa wenye pembe kama matawi. Hajui Kiingereza. Alitupa kahawa nyeusi kwenye vikombe vya mti. Nilimaliza, nikatikisa kikombe, kama kwetu Waarabu mtu akitosheka na kahawa. Akajaza. Nikanywa, nikatikisa. Akajaza tena, anatabasamu.

"Kunywa," Baba alininong'oneza. "Usituaibishe."

"Baba, moyo unanienda mbio."

"Na wangu je?"

Nilikunywa saba. Baba nane. Ami alikuwa nje na mtoto. Alipoingia na kutukuta tunatikisa, alicheka mpaka akakaa chini. Huku aliyetosheka huacha kikombe kimejaa. Ukitikisa, wanaona kitupu. Mama Inga alikuwa ameshateleka birika la tatu. Hakuchoka, hakununa.

Sijalala. Jua nalo halilali.

Jumatano, 10 Julai

Leo nyama. Hili ndilo nililoliogopa zaidi. Bibi hasemi, lakini najua linalomkera: mjukuu wake analishwa nini huko.

Tulipanda mpaka kwenye zizi, juu ya kijiji. Si msimu wao wa kuchinja, wao hungoja baridi. Lakini dume mmoja alikuwa amefungwa pembeni, kwa ajili yetu. Wasami wana namna yao ya kuchinja, ya mababu, na wanaionea fahari. Mama Inga alitoa kisu chake kwenye ala ya pembe, akampa Baba, mpini mbele. Kisha akamgeuza mnyama yeye mwenyewe. Kibla. Hakuuliza upande.

Inga alinionyesha nguzo ya zizi. Pana mshale umechongwa, unaelekea Kibla. Mama yake aliuchonga mjukuu alipozaliwa, na tangu siku hiyo nyama ya kumlisha mtoto hachinji mwenyewe, humwita Ami.

Baba alisema bismillahi, akachinja. Mimi nililia. Nikageuka wasinione. Wakaniona.

Nyama tamu mno. Nilikula kuliko Baba.

Jumatatu, 22 Julai. Ibra

Tumefika jana. Joto limenipiga usoni kama mlango wa tanuri.

Leo nilimweleza Bibi yote, soksi, zizi, mshale. Sijapata kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja. Hata vikombe nilivisema. Mwisho nikamwambia: waje.

Kisha akauliza, "Ulikunywa vingapi?"

"Saba, Bibi."

"Mimi tisa."

Sikujua. Bibi alipoletwa Ibra kutoka Tabora alikuwa mgeni wa kila kitu. Kwao walikunywa chai, hakuna aliyemwambia habari ya kutikisa. Wanawake walimmiminia na kukonyezana, mpaka akatapika uani.

"Huyo wa kaskazini alikucheka?"

"Hakucheka, Bibi."

Hakusema ndiyo. Hakusema la. Nimemkasirikia kidogo.

Alhamisi, 25 Julai

Tende tulizoanika zimekauka. Baba alimpigia Ami simu. Bibi alinyoosha mkono, akapewa. Nilisikia sauti ya Ami kwa mbali: shikamoo mama.

"Marahaba. Mkeo mfundishe kutikisa kikombe kabla hajafika. Mimi simcheki, lakini wa hapa nawajua."

Akarudisha simu kwa Baba, akaja kuchambua tende. Nilikaa ubavuni pake. Mbovu huku, nzima huku. Mpaka magharibi.