Mume Wangu Anatembea na Mizani Mdomoni

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, halafu naomba unisaidie kabla sijavifungia viatu vya mume wangu kabatini na kuumeza ufunguo.

Mimi ni muuza nafaka, nilianza na beseni moja la maharage chini ya dirisha la jirani, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono, na leo nina duka lenye rafu pande tatu na mizani ya mshale ambayo naifuta vumbi kila asubuhi kabla hata sijanawa uso, maana kwenye biashara hii mtu akishaitilia shaka kilo yako, hata ukimwongezea konzi ya bure ataona unamziba mdomo.

Mume wangu ni fundi wa kuandika mabango, mtu mpole, hanywi, hagombi, ila ana ugonjwa wa kutembea. Nilimnunulia baiskeli, akaipanda mara moja akairudisha ukutani, akasema juu ya baiskeli maneno yanampita kabla hajayashika, lakini akienda kwa miguu kila hatua inamdondoshea neno. Basi akitoka kazini anazunguka nyuma ya maghala, anapita kituo cha mafuta, mikono mgongoni, midomo inacheza, na akifika nyumbani ana shairi la mistari minne, au kisa cha sentensi tatu kuhusu mbwa aliyemwona akisubiri mlango wa benki ufunguliwe. Juzijuzi kiatu kilimfumukia njiani, na badala ya kukipeleka kwa fundi alikuja kunisomea hivi:

Kiatu kimefumuka,
ulimi umechomoza,
njia nzima unacheka,
na mimi nimenyamaza.

Nilicheka, sikatai. Tatizo ni kwamba kwa hawa watunzi mizani ni hesabu ya silabi katika mstari, naye anataka ziwe nane, ikipungua moja chakula hakimshuki, na mimi hilo nilikuwa silijui. Sasa siku hiyo nampimia mama wa mgahawa, mteja wangu mkubwa kuliko wote, mchele wake wa wiki, mume wangu akapita mbele ya duka, kichwa chini, hata hakutuona, akasema kwa sauti ya mtu aliye peke yake, "Mizani imepungua moja. Basi nitajazia kitu, hakuna atakayejua."

Mama wa mgahawa akanitazama, akautazama mshale, akanitazama tena. "Dada, huyo si mumeo?" Nikasema ndiye. "Basi nipimie upya."

Nikampimia upya, kilo zikawa zilezile, na bado aliondoka amenuna, na maneno yakamtangulia sokoni. Sasa katika kila wateja kumi, watatu wananiomba nirudie kupima, na wawili wanapitiliza hadi kwa jirani yangu ambaye jiwe lake la kilo, mimi nalijua, lina undugu na gramu mia tisa. Nilipomweleza mume wangu, akaanza kunifundisha vina na silabi, nikaona huyu hanielewi, nikasimama mlangoni nikamwambia, "Mume wangu nenda mbali, usipite duka hili." Unajua alifanya nini? Alihesabu vidole, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Biashara inanifia mikononi, mtu anachekea vidole vyake.

Tangu hapo ametii. Hapiti tena dukani, anazungukia barabara ya nyuma yenye gereji, kelele tupu, anarudi hana hata mstari mmoja, anakula kimya, analala. Na hilo nalo linaniudhi, sijui kwa nini. Nimkataze kutembea kabisa, au nimwache atembee, mimi nifunge duka?

Muuza nafaka mwenye kilo kamili

*

Dada yangu mwenye kilo kamili,

Pole sana, na nakuamini. Mtu anayejua gramu za jiwe la jirani yake hakosei za kwake. Lakini hasira umeiweka rafu isiyo yake. Aliyekuchafulia jina ni neno moja lenye kazi mbili, na neno hilo ungemwita mumeo alifafanue palepale, mbele ya mteja, mambo yangeisha kwa kicheko. Wewe ulipima upya ukanyamaza. Ukinyamaza, mteja anamalizia hadithi mwenyewe, na hawezi kuimalizia kwa faida yako.

Kwa hiyo kesho asubuhi geuza mizani, mshale umtazame mteja. Weka nyingine ndogo mlangoni, anayetaka ajipimie. Kisha nenda mgahawani, mpe mama yule habari nzima, na umsomee shairi la kiatu. Akicheka, mteja amerudi. Asipocheka, nenda tena na kiatu chenyewe.

Sasa tuje kwenye vidole. Ulidhani anakudharau. Hebu hesabu na wewe, si umezoea hesabu? Mu-me-wa-ngu-ne-nda-mba-li: nane. U-si-pi-te-du-ka-hi-li: nane. Na zote mbili zimetua kwenye li. Mwenzio anazunguka mji mzima kuokota mistari ya namna hiyo, wewe umemtupia miwili mlangoni kwa hasira, haikupungua hata silabi. Ulitaka asicheke?

Na ndiyo maana ukimya wake unakuudhi. Umeyazoea maneno yake, dada, na sasa unayakosa. Usimkataze kutembea, huyo ukimkalisha utabaki na bango lisilo na maandishi. Ukifunga duka, toka naye. Piteni nyuma ya maghala, piteni kituo cha mafuta, mwone kama yule mbwa bado anasubiri benki. Yeye aokote maneno, wewe uhesabu, na mstari ukipungua umwambie hapohapo, kwa sauti yote, mkiwa mbali na wateja. Shairi lenu kwa sasa lina mistari miwili, na yote miwili inamfukuza mtu. Tungeni mingine miwili, ya kumrudisha. Akishaipata, aiandike kwenye bango, ulitundike juu ya mizani, na anayebisha ahesabu mwenyewe.

Ufunguo wa kabati urudishe mahali pake. Na kile kiatu, kikishamaliza kazi mgahawani, kipeleke kwa fundi kabla hamjatoka. Mkitembea wawili na mmoja anachechemea, mizani lazima ipungue.