Sauti ya Mama na Diski D

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumai kifua kimeacha kukusumbua na hiyo baridi yenu. Sisi tu wazima wa mwili, na Baba anatembea tena bila fimbo.

Ningepiga simu, lakini nisingeweza kumaliza sentensi. Ndiyo maana naandika.

Unazikumbuka zile rekodi kumi na moja, nilizomrekodi Mama akikuachia maneno wiki zake za mwisho kwa kuwa hukuweza kuja. Umeniomba mara ngapi nikutumie, nami nikang'ang'ania kwamba nitakupa mkononi ukija, tuzisikilize pamoja. Simu yangu ilipojaa nilizihamishia kwenye kompyuta ya Baba, nikazifuta kwenye simu.

Mwezi uliopita kompyuta ile ikaanza kususa. Leo inawaka, kesho inagoma. Fundi akasema mfumo endeshi umeharibika, yaani ule unaoamsha kila kitu humo ndani na kukigawia kazi. Akaeleza polepole kwamba diski ina sehemu mbili. Mfumo unakaa C, na hiyo ataifuta yote ili aweke mpya. D ni kama stoo, haiguswi. Nihamishie huko chochote ninachokitaka.

Unanijua. Hukuniita Kiherehere bure. Nilisema nimeelewa kabla hajamaliza. Nikachukua alama ya folda ya Mama, ile niliyomwekea Baba kwenye kioo cha kompyuta asihangaike kutafuta, nikainakili D. Ilichukua kufumba na kufumbua. Nikaisifu kompyuta kwa kasi, mjinga mimi. Fundi akaniuliza mara mbili kama kila kitu kipo D. Nikamjibu kipo.

Alipomaliza, folda ikakataa kufunguka. Akaitazama.

"Dada, hii ni njia ya mkato tu. Inaonyesha faili ziliko. Faili zenyewe zilikuwa C."

Alihangaika nayo siku mbili. Mfumo mpya ulikuwa umeshaandikwa juu yake. Hakuna kilichorudi.

Nilimwambia Baba. Hakunigombeza. Alizima ile redio anayobishana nayo kila siku, na mpaka leo hajaiwasha.

Nakuandikia ninachokumbuka. Katika ya kwanza alikuita kifungua mimba wangu, akauliza kama unakula. Katika ya saba alicheka mpaka akakohoa, na sikumbuki alichekea nini. Hilo ndilo linaloniliza, Kaka. Nisamehe. Ukishindwa, niambie hivyohivyo.

Nisalimie Wifi na mapacha, na Mjomba akipita hapo kwako. Baba anawaombea.

Ile alama bado ipo D, na jina la Mama liko chini yake. Kila nikiibofya, kompyuta inasema haikioni kinachotafutwa, kisha inaniuliza kama iiondoe alama hiyo. Nabofya hapana.

Mungu akulinde huko uliko.

Mimi mdogo wako ninayekupenda,
Kiherehere