Mikono ya Gazetini, Uso wa Dada

Shangazi Mektilda mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, maana barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana na leo nimeamua sitaichana hata nione aibu kiasi gani. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, kwetu ni Lalago ila nafanya kazi hapa Bariadi kwenye duka la picha na steshenari, na kazi yangu ni kuunganisha picha kwa kompyuta, yaani mtu analeta kapicha kake ka zamani, mimi nakata kichwa, nakibandika kwenye mwili wenye suti au gauni nililolitoa gazetini, nyuma naweka bustani au ghorofa, nikishachapisha kwenye karatasi isiyong'aa napita juu yake na chaki za rangi, zile laini zinazosambazwa kwa kidole, mpaka picha inapata uhai. Watu wanatoka mpaka Mwamanyili na Kalemela kunitafuta.

Dada yangu Domitila alifariki miaka miwili iliyopita, aliugua siku nne tu, akaacha mtoto wa kike, Jenipha, ambaye sasa ana miaka mitano na analelewa na mama yetu. Mwezi uliopita tulikuwa na misa ya kumbukumbu, mama akaniomba nitengeneze picha kubwa ya dada tuitundike sebuleni, ili mtoto amjue mama yake. Picha yake nzuri ipo moja tu, amesimama kwenye mizani ya pamba, amevaa kanga ya njano, anacheka. Nikakata kichwa, nikatafuta mwili kwenye gazeti la mitindo, gauni la buluu, mikono imekunjwa vizuri, ila mikono ile ilikuwa myeupe na dada alikuwa mweusi, mweusi kweli, na hapo Shangazi badala ya kuitia mikono weusi nikamweupisha dada uso, kwa sababu ndivyo wateja wote wanavyotaka na mkono wangu umeshazoea. Nikamalizia na chaki ya waridi mashavuni na nyekundu midomoni. Na siyo kwamba sijui rangi. Ngozi nyeusi ndiyo tamu kuchora kuliko zote, unatanguliza zambarau, juu yake kahawia, buluu kidogo penye kivuli, halafu rangi ya chungwa pale jua linapogusa paji la uso. Ile nyeupe ni chaki moja tu, unapaka umemaliza.

Siku ya misa ndugu waliisifia, wengine wakataka nakala. Mama akaitazama weee, kisha akasema mbele za watu, "Huyu siyo ng'wanone, siyo mwanangu. Hata kaburini hamtaki kumwacha?" Akaigeuza ikatazama ukuta. Jioni nikamkuta Jenipha amefungua sanduku langu la chaki, ameshika chaki nyeupe, amejisugua mikono mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza unafanya nini, akaniambia, "Nataka nifanane na mama."

Shangazi, nililia, maana kuna jambo mama halijui. Baada ya picha ile ya mizani dada alianza kujichubua, na mama anaamini aliyemwanzisha ni mume wa dada, Dastan, baba yake Jenipha, kwamba alimdharau kwa weusi wake, ndiyo maana hataki Dastan akanyage pale nyumbani, akileta nguo za mtoto anaziacha kwa jirani na kugeuza baiskeli. Hajawahi kujitetea. Kumbe ni mimi. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja Lalago na maduka yakajaa vipodozi vya nje, Dastan hata hatujamjua, nilikuwa namwita dada Masizi mbele ya wenzetu, yeye anacheka tu, mpaka siku moja nikamnunulia kopo la kwanza mimi mwenyewe, nikampaka kwa vidole hivi hivi ninavyosambazia chaki, nikamwambia sasa utaolewa. Najuta Shangazi, najuta sana. Je, nimwambie mama? Naogopa atanikataa, na mtoto aliyebaki ni mimi peke yangu. Au nichore tu picha nyingine, nzuri, yenye weusi wake, mambo yaishe?

Maximiliana, Bariadi

*

Maximiliana,

Marahaba, na pole kwa kufiwa na dada. Umeniandikia ukurasa mzima wa chaki, na jambo lenyewe ukalisukuma mwishoni kabisa. Nimeliona.

Picha nyingine mambo yaishe? Hapana mama, hayaishi hivyo. Kazi ya kukata na kubandika umeianza kabla hiyo kompyuta yenu haijafika Bariadi. Ulikata kosa lako ukalibandika kwa Dastan, naye amelibeba miaka yote hii na nguo za mtoto wake anaziacha kwa jirani! Huyo mwanaume ana moyo, mimi ningeshakuja na mabalozi wa nyumba kumi.

Sikupigi mawe. Ulikuwa msichana mdogo, na makopo yale yalituchanganya wengi, hata mimi unayeniita Shangazi niliyapaka mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Lakini usichana umeisha siku nyingi, na ulinyamaza ukiwa mtu mzima. Hapo ndipo ninapokugombeza.

Jumamosi hii panda gari uende Lalago. Usibebe shangazi wala katekista wa kukusemea. Kaa na mama yako jikoni, mkiwa wawili, umweleze kama ulivyonieleza, na lile jina la Masizi usiliruke. Atalia, na anaweza kukufukuza. Akikufukuza toka nje, kaa uani, usirudi Bariadi. Mama aliyezika mtoto mmoja hatamtupa aliyebaki, ila mpe nafasi ya kukasirika mpaka amalize. Baadaye nenda mwenyewe kwa Dastan, umwombe radhi, umlete kwa mama yako kwa mlango wa mbele.

Hayo yakishafanyika ndipo tuongee picha. Achana na gauni la gazetini. Ichukue ile ya kwenye mizani ya pamba jinsi ilivyo, na kanga yake na mikono yake mwenyewe, uikuze, uichapishe, uende nayo Lalago ukaipake rangi huko huko. Mkalishe Jenipha karibu, auweke mkono wake kando ya karatasi, mtafute rangi pamoja, chaki moja moja, mpaka mkono na karatasi vifanane. Rangi ya mama yake anayo yeye mwilini, hakuna gazeti lililo nayo. Na akikuuliza ni nani aliyempaka mama yake ile rangi nyingine, usimtazame baba yake. Mwambie, "Ni mimi, mama yako mdogo."

Shangazi Mektilda