Njiwa Aliyekwenda Makorora

Salma mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Tu wazima, ila babu yako anakohoa na dawa hataki. Unauliza kama njiwa wa jeshi hupeleka ujumbe popote. Hata! Hurudi kwao tu. Nilipokuwa askari nilimweleza hivyo ofisa wetu mazoezini Ushongo, redio ilipokufa na mwenzetu amevunjika mguu. Ofisa alitaka ujumbe ufike kambini, na njiwa nilimtoa kwa mama, Makorora, juzi yake tu.

"Rusha, binti!" akafoka.

Nikarusha, nimenuna. Alasiri mama akashuka kwenye lori na tabibu, ameshika karatasi yetu: "Majeruhi Ushongo. Leteni gari."

Mguu ulipona. Ofisa akajisifu kwa njiwa "wake"! Mpaka leo naudhika, ingawa hakuna kambi ambayo ingekuja mbio kama mama.

Bibi yako